Nani Alichora Hapa? Swali la Kuuliza Kabla Slabu Haijamwagwa



Wiki tatu zilizopita kamati ya msikiti wa mtaani kwetu iliniita baada ya swala ya Isha. Madrasa ya ghorofa moja inayojengwa nyuma ya msikiti imefika kwenye slabu. Mbao zimepigwa, vyuma vimelazwa, mchanga na kokoto viko tayari, na siku ya kumwaga ilikuwa imepangwa Jumamosi. Waliniita kwa sababu nina diploma ya ujenzi, na kwa sababu walijua sitawatoza pesa. Walitaka nipite, nitazame, niseme mashallah, watu wakalale.

Nilipita. Nikauliza jambo moja: mchoro wa ngazi uko wapi? Nikapewa ramani iliyopigwa muhuri na kaunti. Ngazi imo, imechorwa vizuri, vidato 18 vimehesabiwa. Lakini vyuma vya ngazi havimo. Pembeni pana maandishi madogo yanayosema tazama mchoro wa mhandisi. Nikafungua karatasi za mhandisi. Nguzo zimo, boriti zimo, slabu imo. Ngazi haimo.

Nikamuuliza fundi, basi hizi vyuma za ngazi umezifunga kwa kufuata nini? Akanijibu bila wasiwasi kwamba ameshafunga ngazi nyingi.

Nikawaomba wazee wasimwage Jumamosi. Wengine walininunia, na mpaka leo kuna mmoja anayenisalimia kwa kichwa tu. Nimeona bora niandike hapa sababu zangu, kwa sababu jambo lililotokea kwenye madrasa yetu linatokea kwenye ploti nyingi kuanzia Lunga Lunga mpaka Lamu, na wenye majengo hawajui waulize nini.

Ramani si karatasi moja

Wengi wetu tukisema "ramani" tunamaanisha zile karatasi zilizopelekwa kaunti zikarudi na muhuri. Zikirudi, tunashukuru na kumwita kontrakta. Lakini jengo lina michoro ya aina nne, na kila moja ina mwenyewe.

Kwanza ni michoro ya msanifu majengo. Inaonyesha vyumba, milango, madirisha na sura ya nyumba. Kwa kawaida huchorwa kwa kipimo cha 1:100, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja kwenye ploti.

Pili ni michoro ya mhandisi wa miundo. Hii ndiyo inayosema msingi uende chini kiasi gani, nguzo ziwe nene vipi, na slabu ibebwe na nini.

Tatu ni michoro ya kina. Hapa kipimo kinakuwa 1:20 au hata 1:10, kwa sababu kinachoonyeshwa ni mahali kitu kimoja kinapokutana na kingine: boriti inavyoingia kwenye nguzo, ngazi inavyoshikana na slabu, balkoni inavyotoka nje ya ukuta. Pamoja nayo huja orodha ya vyuma, inayotaja unene wa kila chuma, urefu wake, idadi yake na mahali kinapokunjwa.

Nne ni michoro ya karakana. Hii huchorwa na yule anayetengeneza au kuleta kitu maalumu: mwenye karakana ya paa la chuma, mwenye lifti, mwenye madirisha ya alumini, mwenye boriti za zege zilizotengenezwa kiwandani.

Aina mbili za kwanza hazina ugomvi mkubwa, kwa sababu kaunti haikupitishii jengo la ghorofa bila hizo. Balaa liko kwenye aina mbili za mwisho. Hazidaiwi pale dirishani kaunti, hazionekani na jirani, na kila mmoja anadhani mwenzake amezichora.

Kwa nini chuma kikisogea kidogo ni kifo

Nitoe mfano wa balkoni, kwa sababu kila nyumba mpya ya Pwani siku hizi inayo.

Zege lina nguvu sana likikandamizwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Ndiyo maana tunalipa chuma. Kazi ya chuma ni kukaa upande ule ambao zege linavutwa. Slabu ya chumba, iliyoegemea kuta mbili, hutaka kubonyea katikati, kwa hivyo upande unaovutwa ni wa chini, na chuma kikuu hulazwa chini. Fundi yeyote analijua hilo.

Balkoni inayoning'inia bila nguzo ni kinyume chake. Imeshikwa upande mmoja tu, na ncha yake inataka kuinama. Upande unaovutwa ni wa juu, kwa hivyo chuma kikuu lazima kilale juu, tena kiingie ndani ya slabu ya chumba kwa urefu wa kutosha. Ukilaza chuma kilekile chini, umetumia pesa zilezile, simiti ileile na mafundi walewale, lakini hujajenga balkoni. Umejenga mtego.

Sasa tazama ramani ya 1:100. Slabu ya sentimita 15 kwenye karatasi hiyo ni upana wa milimita moja na nusu, mstari wa kalamu tu. Hakuna binadamu anayeweza kuonyesha ndani ya mstari huo kwamba chuma kiko juu au chini. Ndiyo sababu mchoro wa kina si anasa. Ni mahali pekee ambapo habari hiyo inaweza kuandikwa.

Na kwetu sisi tunaokaa karibu na bahari kuna jambo la ziada. Mchoro wa kina ndio unaotaja zege la kufunika chuma liwe nene kiasi gani. Hewa ya chumvi ikikifikia chuma hukiozesha, chuma kikiota kutu hufura, kikifura hulipasua zege kutoka ndani. Nyumba nyingi za ufuoni ambazo slabu zake zinabanduka vipande na kuonyesha vyuma vyekundu ni nyumba ambazo chuma kililazwa karibu mno na uso. Unene huo haukisiwi kwa jicho la fundi. Huandikwa.

Nilivyonyamaza nilipokuwa kijana

Nina sababu ya kuwa mkaidi katika jambo hili, na niitoe hadharani.

Nilipomaliza diploma nilipata kazi ya ukarani kwenye mjengo wa ghorofa tatu hapa Pwani. Sitautaja, wala waliohusika. Nilikuwa na miaka 24. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu simiti na kuandika majina ya vibarua. Jengo lilikuwa na balkoni mbele, na kwenye ramani ya msanifu iliandikwa: vyuma, tazama mhandisi. Kwenye ramani ya mhandisi iliandikwa: balkoni, tazama msanifu. Mchoro wenyewe haukuwepo popote.

Fomani alifunga chuma chini kama slabu ya kawaida. Mimi nilikuwa nimefundishwa darasani kwamba balkoni chuma chake hukaa juu. Nikamwendea, nikamwamkia, nikamwambia kwa heshima, mzee, nadhani hizi zilale juu. Akacheka, akasema: "Mwanangu, mimi nimemwaga slabu kabla mamako hajaolewa." Wenzangu wakacheka. Nikarudi kuhesabu simiti.

Siku propu zilipoondolewa, balkoni ilipasuka kwenye ukuta na kuinama kama mdomo wa mzee asiye na meno, kisha ikaanguka. Chini yake alikuwa kijana aliyekuwa akiokota mbao. Hakufa, alhamdulillahi, lakini mguu wake ulivunjika mara mbili na haukurudi sawa.

Kilichofuata nakikumbuka zaidi ya ile ajali. Mwenye nyumba alisema alimlipa kontrakta. Kontrakta alisema alifuata ramani. Msanifu alisema vyuma si kazi yake. Mhandisi alisema hakuletewa balkoni achore. Fomani alisema hakupewa mchoro. Na ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mtu alikuwa na ukweli wake. Gharama za hospitali zililipwa na mchango wa msikitini. Kijana yule sasa ni mtu mzima, huuza mahamri, na tukikutana hunisalimia vizuri kuliko ninavyostahili.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Kwenye mjengo nimeona kinyume chake: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hata Marekani yalitokea

Asidhani mtu kwamba haya ni ya nchi maskini. Kisa kinachofundishwa kwenye vyuo vya uhandisi duniani kote kuhusu jambo hili hili kilitokea mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani.

Hoteli ya Hyatt Regency ilikuwa imefunguliwa mwaka 1980. Ukumbi wake mkubwa ulikuwa na vijia vitatu vya kupitia watu vilivyoning'inizwa hewani kwa fito za chuma kutoka kwenye paa, katika ghorofa ya pili, ya tatu na ya nne. Kile cha ghorofa ya nne kilikuwa juu kabisa ya kile cha pili. Jioni ya Ijumaa tarehe 17 Julai 1981 ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuja kucheza dansi, wengine wamesimama juu ya vijia wakitazama. Kijia cha nne kilichomoka, kikaangukia cha pili, vyote viwili vikaangukia watu. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 wakaumia.

Uchunguzi ulionyesha nini? Mhandisi alikuwa amechora fito ndefu moja kutoka paani, ipite kwenye boriti ya kijia cha nne, iendelee mpaka cha pili. Kila kijia kingekalia nati yake kwenye fito hiyo. Mwenye karakana ya chuma aliona taabu: fito nzima ingebidi ichongwe misumeno ya nati kwa urefu mkubwa. Akapendekeza fito mbili fupi: moja kutoka paani mpaka kijia cha nne, nyingine ianzie kwenye boriti ya kijia cha nne mpaka cha pili. Kwenye karatasi inaonekana ni mabadiliko madogo.

Fikiria watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja ndani ya kisima. Kila mmoja ameshika kamba kwa mikono yake mwenyewe, kwa hivyo kila mmoja anabeba uzito wake. Sasa mwambie yule wa chini aiache kamba, ashike miguu ya yule wa juu. Kamba inabeba uzito uleule, lakini mikono ya wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa nati iliyo chini ya kijia cha nne. Mzigo wake uliongezeka mara mbili.

Kibaya zaidi, hata ule muundo wa kwanza ungehimili asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za jiji. Baada ya mabadiliko, ukabaki na takriban asilimia 30. Ungio hilo halikuwa limepigiwa hesabu na mtu yeyote. Mhandisi aliona mchoro wake kuwa wa awali, na kwamba kazi ya kukamilisha maungio ni ya mwenye karakana, kama desturi ya kazi ya chuma. Mwenye karakana aliuona mchoro uleule kuwa wa mwisho, akapeleka kazi ya uchoraji kwa kampuni nyingine. Michoro ya karakana ikarudi kwa wahandisi, ikapigwa muhuri, ikatoka.

Mwaka 1985 jaji aliyesikiliza shauri la leseni aliamua kwamba wahandisi walizembea vibaya. Wawili walinyang'anywa leseni zao za Missouri. Hoja ya kwamba mchoro wa kina ulichorwa na mwingine haikuwasaidia. Aliyeweka muhuri alipaswa kujua alichokitilia muhuri.

Kumbuka pia kwamba aliyegundua mapema ile hitilafu ya fito ni mhandisi aliyeajiriwa na gazeti la mji huo, siku chache tu baada ya ajali. Mabadiliko yalikuwa wazi kwa yeyote aliyekaa akalinganisha karatasi mbili. Hakuna aliyekaa.

Basi dhamana ni ya nani?

Hapa kwetu sheria inaanza vizuri. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na bodi yao chini ya Sura ya 525. Wahandisi wana bodi yao chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Makontrakta husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile tunayoiita NCA, kwa daraja kuanzia NCA 1 kwa wakubwa hadi NCA 8. Kaunti hupitisha ramani na kukagua.

Mtu kama mimi mwenye diploma naweza kuchora, naweza kusimamia mafundi, lakini sina ruhusa ya kutia sahihi michoro ya miundo kama mhandisi. Nalisema hili kwa sababu huku mitaani kuna vijana hodari wa kompyuta wanaouza "ramani kamili" kwa simu. Mchoro mzuri usio na mwenye kuubebea dhamana ni picha.

Kutokana na kazi na kutokana na yale niliyoyaona, nayaweka mambo hivi.

Anayebuni ndiye mwenye jukumu. Ikiwa mhandisi amebuni slabu, basi na maungio ya slabu hiyo ni yake, mpaka iandikwe wazi kwenye mkataba kwamba sehemu fulani itabuniwa na mwingine. Maneno "tazama mchoro mwingine" hayaondoi jukumu kama mchoro huo mwingine haupo.

Anayetengeneza anaweza kuchora, lakini hapitishi. Mwenye paa la chuma au boriti za kiwandani alete michoro yake ya karakana, ikiwa na hesabu na jina la mhandisi wake. Kisha mhandisi wa jengo aipitie aone kama inakubaliana na jengo zima. Vipimo na idadi hubaki kwa mtengenezaji. Usalama wa jengo zima hubaki kwa mhandisi.

Anayebadilisha huuliza kwanza. Chuma cha unene fulani kimekosekana dukani? Nguzo imesogezwa ili gari lipite? Hayo hutokea kila siku na si dhambi. Lakini yaandikwe, yapelekwe kwa mhandisi, yarudi na jibu la maandishi. Jibu la simu husahaulika siku ya ajali.

Muhuri wa kaunti si ubunifu wa kaunti. Afisa amepitisha alichoonyeshwa. Hakukuhesabia vyuma, na asichoonyeshwa hakukipitisha.

Na fundi asiyepewa mchoro akikisia, ameshakuwa mhandisi bila kujua. Simlaumu fundi wa kwanza. Nawalaumu waliomwacha akisie. Lakini fundi mwerevu husimama na kudai karatasi, kwa sababu jengo likianguka, yeye ndiye yuko chini yake.

Katika dini yetu tumefunzwa amana, na wanachuoni wametaja kwamba mtu akijitia uganga asioujua akamdhuru mgonjwa, hubeba dhamana. Sioni kwa nini mjengo uwe tofauti.

Wewe mwenye ploti uulize nini

Huhitaji kusomea ujenzi. Kabla ya kutoa pesa ya simiti ya slabu, uliza haya:

1. Orodha kamili ya michoro iko wapi, na kila mchoro una tarehe na sahihi ya nani?
2. Kila palipoandikwa "tazama mchoro fulani", mchoro huo upo? Nionyeshe kwa kidole.
3. Ngazi, balkoni, tangi la maji la juu na paa: vyuma vyake vimechorwa na nani?
4. Orodha ya vyuma ipo mjengoni, au ipo kichwani mwa fundi?
5. Mhandisi atakuja lini kuvikagua vyuma kabla ya kumwaga, na ataandika wapi kwamba amekubali?

Swali la pili peke yake lingeniokoa miaka ile. Linachukua dakika kumi. Na wakati wa kupatana ada na msanifu na mhandisi, iandikwe kwamba michoro ya kina na ukaguzi kabla ya kumwaga vimo ndani ya bei. Usipoiandika, utaambiwa baadaye kuwa ulilipia ramani za kupitishia tu, na atakayekuambia hivyo atakuwa sahihi.

Najua jibu la wengi: hayo ni gharama. Ni kweli, mhandisi halipwi kwa dua. Lakini mchoro wa ngazi ni karatasi moja. Pima bei ya karatasi hiyo na bei ya kubomoa ngazi iliyokwisha kauka, kisha uamue. Sitaji bei ya mguu wa mtu.

Madrasa yetu

Niwaeleze ilivyokwisha. Kamati ilimtafuta mhandisi aliyetia sahihi zile karatasi. Mtu muungwana, hakubisha. Alisema hakuagizwa ngazi, lakini jengo ni lake na ataichora. Mchoro uliletwa Jumatano ya wiki iliyofuata, karatasi moja ya kipimo cha 1:20. Tukaulinganisha na kazi ya fundi. Sehemu kubwa alikuwa amepatia, na nilimwambia hivyo mbele ya watu. Lakini pale ngazi inapokutana na slabu ya juu, vyuma vya upande wa juu havikuwepo kabisa. Alivifungua bila kununa, akavifunga upya kwa siku moja na nusu.

Mhandisi alikuja mwenyewe, akapima, akaandika kwenye daftari la mjengo, akatia sahihi. Tukamwaga Jumamosi iliyopita. Watoto wapatao sitini watapanda na kushuka ngazi hiyo kila jioni, kwa kishindo kama mnavyowajua.

Yule mzee anayenisalimia kwa kichwa bado hajanisamehe zile wiki mbili. Wajukuu zake wawili wanasoma hapo. Nitasubiri.

Wabillahi tawfiq.